Mbwa akitokwa na povu usiku wa masika, aoshwe mdomo kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie sumu ya chura na mbwa tunaowafuga majumbani. Natambua kwamba wapo watakaoona kuwa gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuchapisha, lakini jambo hili limenigharimu mnyama niliyempenda na lilikaribia kunigharimu ujirani wa miaka kumi na mitano, na katika mazungumzo yangu na wafugaji wenzangu nimegundua kuwa wengi wanalipitia bila kulijua kwa jina lake.

Masika ya mwaka juzi nilikuwa na mtoto wa mbwa wa miezi minne, aliyeletwa nyumbani ili akue pamoja na mbwa wetu mkubwa anayelinda. Tunaishi Goba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha mfereji wa barabarani hufurika na maji hutuama kwenye viwanja visivyojengwa kwa wiki nzima. Jioni moja mvua ilinyesha kuanzia alasiri hadi magharibi, na ilipokatika nikawafungulia mbwa wote wawili kama ilivyo desturi yetu. Haikupita hata nusu saa, mdogo akarudi barazani akichuruzika udenda mweupe mfululizo, akijikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele kama aliyekwamwa na mfupa, na kila alipojaribu kusimama alikuwa akiyumba na kuangukia ubavu. Nikafanya nilichokiona kikifanywa tangu utotoni mwangu: niliagiza maziwa, nikamfungua kinywa kwa nguvu, nikammiminia kikombe kizima. Alipaliwa, akakohoa, mwili ukaanza kumtetemeka wote, na kabla ya saa tano usiku alikuwa amekufa mikononi mwa binti yangu.

Ninachokijutia zaidi ni kilichofuata. Wiki moja kabla yake jirani yangu, mama mmoja mtaratibu anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, alikuwa ameniomba kwa upole nitafute namna ya kuwatuliza mbwa wangu usiku kwa sababu hawamwachi alale. Asubuhi ile, nikiwa sijalala na hasira imenipanda, nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikasema mbele ya watu kwamba mbwa wangu amelishwa sumu na kwamba aliyemlisha namjua. Sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya povu lile.

Baadaye siku hiyo nilimpeleka mtoto wa mbwa kwa daktari wa mifugo, nikitaka karatasi ya kwenda nayo kwa balozi. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama mvua ilinyesha jana yake, kama taa ya nje ilikuwa inawaka, na kama nimepata kuangalia chini ya karai la maji ya mbwa. Alipompasua alinionyesha maziwa ndani ya njia ya hewa hadi kwenye mapafu. Hakuniapia kwamba ni chura, kwa kuwa alisema jambo hilo linahitaji vipimo vya maabara, lakini alinieleza kuwa kwa dalili zile, kwa saa ile na kwa majira yale, angetafuta chura kabla ya kumtafuta mtu. Niliporudi nyumbani niliinua karai. Chini yake, kwenye udongo wenye unyevu, alikuwepo chura mkubwa kama ngumi yangu, na mgongo wake ulikuwa na alama mpya za meno. Jioni hiyo nilikwenda kwa jirani yangu pamoja na balozi kumwomba radhi, naye kwa ukarimu wake alinisamehe, ila hadi leo nikipita mbele ya meza yake ya maandazi moyo wangu hauko sawa.

Kwa Kiswahili cha kila siku tunawaita wote chura, na hapo ndipo uelewa wetu unapoanza kupotea. Chura laini mwenye ngozi inayong'aa, miguu mirefu na miruko mikubwa ni wa aina nyingine. Huyu ninayemzungumzia ana mwili mnene, miguu mifupi, ngozi kavu yenye vinundu, na huruka hatua fupi fupi au hutembea tu, kwa sababu hana haja ya kukimbia. Nyuma ya macho yake, kila upande, ana uvimbe mrefu kama kokwa la tende. Hizo ni tezi, na zikibanwa hutoa utomvu mweupe mzito unaofanana na maziwa ya papai bichi. Chura huyu haumi wala hadungi, na hata akitaka hana meno ya kuuma nayo. Sumu yake humpata hasa yule anayemtia mdomoni, na kwa mnyama huyo utomvu hupenya haraka kwenye ngozi laini ya ufizi na ulimi. Baadhi ya viambato vyake hufanya kazi kwa namna inayofanana na dijoksini, dawa ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo kwa kipimo kidogo sana na kwa uangalifu mkubwa. Kipimo kikizidi, mapigo ya moyo huvurugika, yakaenda mbio au yakapungua kupita kiasi.

Dalili huanza ndani ya dakika chache. Udenda hutoka kwa wingi usio wa kawaida, ufizi huwa mwekundu sana, mbwa hutikisa kichwa na kujikuna mdomo, wengine hutapika. Mara nyingi mambo huishia hapo, hasa kwa mbwa mkubwa aliyemng'ata chura mara moja akamtema kwa ubaya wa ladha yake, na kufikia asubuhi huwa anakula kama kawaida. Lakini kwa mtoto wa mbwa, kwa mbwa mwenye umbo dogo, au kwa yule mkaidi anayerudia kutafuna, sumu inaweza kufika kwenye moyo na mishipa ya fahamu, na hapo ndipo huja kuyumba, degedege na kifo. Paka hawapatikani na balaa hili mara nyingi, kwa kuwa huwa waangalifu zaidi na wanachokitia mdomoni, ingawa paka mchanga anayejifunza kuwinda anaweza kudanganyika.

Nimefikiri sana kwa nini jambo hili hutokea zaidi kwetu, na jibu naliona katika namna tunavyowafuga mbwa wetu. Wengi wetu tunawafungia bandani mchana kutwa ili wasiwaume wageni, na tunawafungulia giza likishaingia. Chura naye hujificha mchana kutwa chini ya mawe, matofali na matanki ya maji, na hutoka saa hizo hizo. Tunamwachia uwanjani mbwa aliyekaa saa kumi na mbili bila kazi, mwenye hamu ya kukimbiza chochote kinachotikisika, na kinachotikisika usiku wa masika ni chura. Kisha tunawasha taa ya nje kwa ajili ya usalama. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huizunguka taa hiyo kwa mamia, wakidondosha mabawa, na vyura hukusanyika chini yake kana kwamba wamealikwa. Pembeni tumeacha sufuria lenye mabaki ya ugali na dagaa, ambalo limevuta mende na siafu, na mende nao wamemvuta chura. Karai la maji tunaliacha chini usiku kucha, na chura hupenda kuingia humo kuloweka mwili wake. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu humwaga maji yaliyolala nje na kuliosha karai kabla ya kuweka mengine.

Nyumbani kwangu sasa mbwa hula saa kumi na mbili jioni na chombo huondolewa papo hapo. Taa ya baraza nimeihamishia getini, mbali na banda. Matofali yaliyobaki ya ujenzi, ambayo yalikaa nyuma ya choo kwa miaka minne, nimeyapanga juu ya mbao ili pasiwe na uwazi wenye unyevu chini yake, na kila mvua ikikatika mmoja wetu huzunguka uwanja na tochi kabla ya mbwa kufunguliwa. Anayekutana na chura humsukumia kwenye ndoo kwa koleo na kumpeleka ng'ambo ya mfereji. Kazi hiyo haichukui dakika kumi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni la dakika zile za mwanzo. Mbwa anapoonekana akitokwa na udenda ghafla baada ya kukutana na chura, dawa ya kwanza ni maji ya kuosha mdomo, na maji hayo yanatakiwa yatoke nje, yasiingie tumboni wala kwenye mapafu. Kichwa cha mbwa kiinamishwe chini, maji yaelekezwe kutoka pembeni mwa mdomo kuelekea mbele, kamwe yasielekezwe kooni. Mpira wa bomba unafaa iwapo maji hayatoki kwa nguvu. Asiye na mpira atumie jagi au chupa. Pamoja na kumwagia maji, ufizi, ulimi na sehemu ya juu ya kinywa vifutwe kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa kisuuzwe, kisha vifutwe tena, kwa sababu utomvu ule hunata na maji peke yake hayauondoi wote. Kazi hiyo iendelee kwa dakika tano hadi kumi, wakati mtu mwingine akimpigia simu daktari wa mifugo na kutafuta bajaji. Anayeosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, asijiguse macho, na amalizapo anawe kwa sabuni.

Maziwa, mafuta ya kula, maji ya mkaa, yai bichi na vyote vingine ambavyo tumezoea kuwamiminia wanyama wetu, naomba viachwe. Najua vinatolewa kwa huruma, kama nilivyovitoa mimi. Lakini mbwa aliyeanza kuyumba hawezi kumeza sawasawa, na anachomiminiwa kinaweza kwenda kwenye mapafu na kumuua hata kama chura asingemuua. Vilevile asilazimishwe kutapika. Na kama tayari ana degedege au amepoteza fahamu, hata maji yasitiwe tena kinywani; alazwe ubavu, aondolewe karibu na ukuta na ngazi, afikishwe kwa daktari upesi. Hakuna dawa moja ya kuiondoa sumu hiyo ambayo utaikuta kwenye kila duka la dawa za mifugo. Daktari hutuliza degedege, huweka dripu, hufuatilia moyo na kuurekebisha kadiri unavyokwenda, na mnyama aliyewahi kuoshwa mdomo humkuta daktari akiwa na kazi nyepesi zaidi. Machi mwaka huu mbwa wangu mkubwa alimng'ata chura mbele ya macho yangu. Tulimwosha kwa dakika kumi kamili, binti yangu akihesabu kwa sauti; alitokwa na udenda hadi saa sita usiku, na asubuhi alibweka kama kawaida.

Lipo jambo zito ambalo sipendi msomaji yeyote alipite haraka. Mbwa anayetokwa na povu anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiwa wameupata kwa kuumwa na mbwa, na ambao dalili zikishaanza kwa binadamu kifo hakiepukiki isipokuwa kwa nadra mno. Kwa hiyo mbwa usiyemjua, mbwa asiyechanjwa, au mbwa ambaye kwa siku kadhaa zilizopita amebadilika tabia, amekuwa mkali bila sababu, anashindwa kumeza au sauti yake imekuwa ya ajabu, asiguswe mdomo na mtu yeyote. Watu na watoto waondolewe karibu, na ofisa mifugo aitwe. Aliyekwisha kuumwa aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Tofauti ninayoizungumzia ni ya mbwa wako mwenyewe, aliyechanjwa, aliyekula jioni akiwa mzima kabisa, na ambaye nusu saa baadaye amerudi kutoka kwenye nyasi mbichi akichuruzika udenda. Mbwa wa namna hiyo nimeshuhudia akipigwa marungu mtaani kwetu hadi kufa, huku mwenye mbwa akilia na kusema alikuwa mzima sasa hivi, na hakuna aliyemsikiliza. Tungekuwa na desturi ya kuchanja kila mwaka na kutunza kadi ya chanjo mahali inapoonekana, mwenye mbwa yule angekuwa na cha kuwaonyesha watu.

Sisemi pia kwamba hakuna watu wanaowalisha mbwa sumu. Wapo, na wezi hufanya hivyo. Dawa za kunyunyizia mimea na sumu za panya nazo zinaweza kuleta udenda na degedege, ndiyo sababu daktari anahitajika hata pale tunapodhani tumeshajua chanzo, na ndiyo sababu chombo au pakiti yoyote yenye kutiliwa shaka ichukuliwe kwenda nayo. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kutaja jina la jirani kwa balozi, mtu ainue karai lake na kuangalia.

Tangu mvua za mwaka huu zianze, zimekuwa zikizunguka kwenye simu zetu picha za chura mkubwa wa kutisha, pamoja na maandishi kwamba anaua mbwa ndani ya robo saa na kwamba kila chura auawe. Chura anayetajwa sana katika habari za namna hiyo ni yule anayeitwa chura wa miwa, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mwaka 1935 alipelekwa Australia kutoka Hawaii, akaachiwa katika mashamba ya Queensland ili ale mbawakawa waliokuwa wakiharibu miwa. Mbawakawa hakuwamaliza, badala yake alienea kaskazini yote ya nchi ile, na wanyama wengi wanaokula vyura, wakiwamo kenge na nyoka, wakafa kwa kumla, kwa kuwa hawakuwa wamepata kuishi na sumu ya namna yake. Yupo pia Florida, Marekani, ambako wafuga mbwa hutahadharishwa kila msimu wa mvua. Huyo si chura wetu. Wetu ni wadogo kuliko yeye, na wanyamapori wetu wameishi nao tangu zamani.

Kuwaua ovyo, kwa hiyo, ni kosa, na kuwamwagia chumvi kama wafanyavyo watoto, mara nyingine kwa kutumwa na watu wazima wanaoamini kuwa chura aliyeingia ndani ametumwa na mchawi, ni ukatili. Chura mmoja anakula wadudu wengi kwa usiku mmoja, wakiwamo mende na mchwa ambao tunanunua dawa kuwaua. Taifa letu lenyewe limewahi kumhangaikia chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, ukungu wa maporomoko aliokuwa akiutegemea ulipungua, ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukamkumba, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakizalishwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Nchi iliyovuka bahari kumrudisha chura mdogo kuliko kidole gumba inaweza kumvumilia wa uani kwa kumhamisha kwa koleo.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi na kwa maofisa mifugo wa kata. Tarehe 28 Septemba huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi ndipo watu hukusanyika na mbwa wao kwa ajili ya chanjo, wiki chache tu kabla ya mvua za vuli. Watu wanapokuwa kwenye foleni, ofisa atumie dakika tatu kuonyesha, kwa mbwa mtulivu na jagi la maji, namna kichwa kinavyoinamishwa na maji yanavyoelekezwa mbele, na atangaze kwa sauti kwamba maziwa hayatakiwi. Aandike pia nyuma ya kadi ya chanjo namba ya simu ya daktari wa mifugo anayepokea wagonjwa usiku katika wilaya hiyo. Mimi usiku ule nilikuwa na simu mkononi, ila sikuwa na namba ya kupiga.

Wako,
Msomaji na mfuga mbwa,
Goba, Dar es Salaam.